Kumbe muuaji wa njiwa wetu nilikuwa mimi!

NJIWA watatu walikufa nyumbani kwangu ndani ya wiki tatu, na muda wote huo mimi nilikuwa namtafuta mchawi. Nilimtafuta kwenye mvua, nikamtafuta kwa paka wa jirani, nikamtafuta hadi kwa kunguru wanaotua juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kumbe muuaji alikuwa mle mle ndani, anakula ugali wake kwa sato na kulala kwenye kitanda alichokitengeneza kwa mikono yake. Muuaji nilikuwa mimi.

Msomaji, usinicheke kwanza. Soma hadi mwisho, halafu ukainuke ukaangalie kabati lako la dawa. Kama hutakuta humo ndugu zake na ile dawa yangu, basi njoo Buhongwa unicheke uso kwa uso, na soda nitakununulia.

Mimi ni fundi seremala. Karakana yangu iko Buhongwa, kando ya barabara kuu ile inayotoka Mwanza mjini kwenda Shinyanga. Natengeneza vitanda, makabati na milango, na nikipata mteja mwenye hela zake, seti ya sofa. Nyumba yangu haiko mbali na karakana, kwa hiyo watoto wamekulia katikati ya harufu ya gundi na vumbi la randa.

Mwaka 2021 mwezi wa Desemba nilikwenda na kijana wangu Misungwi kumsalimia baba yangu. Mzee alikuwa mfuga njiwa tangu sijazaliwa. Siku ya kuondoka akaingia bandani, akatoka na jozi moja kwenye kikapu, akamkabidhi mjukuu wake. Akamwambia, "Hawa hawauzwi na hawaliwi. Hawa wanatunzwa." Mimi nilicheka. Miezi mitano baadaye tulimzika mzee, na wale njiwa wakawa ndio sauti ya babu iliyobaki nyumbani kwetu.

Dume lilikuwa la kijivu, shingo yake inang'aa kijani na zambarau, linatembea kifua mbele kana kwamba limekuja kufungua kisima cha kijiji. Kijana akaliita Diwani. Jike lilikuwa jeupe pee, tulivu, halina makuu. Hilo akaliita Sista. Wakataga, wakaangua, wakataga tena. Kufika mwanzoni mwa mwaka 2023 tulikuwa na njiwa 14, na mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la sita, alikuwa anawajua wote kwa majina kama mwalimu wa zamu.

Mimi, kama fundi, nikaona aibu njiwa wa baba yangu kulala kwenye boksi la mitumba. Nikawajengea nyumba. Wee acha tu! Mbao za paini, plaiwudi pande zote, mlango wa bawaba, komeo la shaba, vanishi mara mbili. Sakafuni nikamwaga maranda ya karakana ili wasipate baridi. Kadirisha nikaweka kamoja, kadogo kama kitabu cha sala. Wapita njia walikuwa wanasimama kuangalia. Mama watoto akanitania, "Siku tukigombana nitahamia humo."

Kumbe nilikuwa natengeneza jeneza lenye vanishi.

Masika ya mwaka huo yalikuja na maji mengi. Paa la karakana likavuja upande ule ninakoweka gunia la mahindi ya njiwa. Nikalisogeza, nikalipangusa, nikasahau. Mwezi wa nne kinda mmoja akaanza kupiga chafya na kutoa kamasi. Mimi bila kupoteza muda nikaingia duka la dawa za mifugo, nikaeleza kidogo tu, nikapewa pakiti ya unga wa antibayotiki ya kuku. Sikuulizwa wangapi wala wana uzito gani, na mimi sikuuliza. Nikarudi nikachanganya kwenye maji kwa kijiko cha chai. Kipimo? Jicho langu. Fundi wa miaka 20 nishindwe kukadiria kijiko!

Kinda akapona baada ya siku nne. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana nilipata kiburi. Nikasema moyoni, kama dawa inamponya mgonjwa, basi asiye mgonjwa itamkinga. Nikaendelea kuwawekea wote kwenye maji, siku baada ya siku, karibu wiki tatu. Kila asubuhi nilikuwa najiona daktari.

Wiki ya tatu Diwani akaacha kuringa. Akawa anakaa pembeni amejikunyata, manyoya yamemsimama kama mtu aliyelala kwenye mvua. Anadonoa punje, anaiangusha. Akila kidogo anacheua. Kijana akamshika, akaniita kwa sauti ambayo sijaisahau. Tulipomfungua mdomo tukakuta utando mweupe umeganda ndani kama maziwa mgando, na ikatoka harufu kali kama ya togwa lililochacha.

Sasa ukiumwa uswahilini huna haja ya hospitali, madaktari wanakuja wenyewe. Wa kwanza akasema ni ndui, mpake majivu. Wa pili akasema ni donda la koo, saga Flagyl. Wa tatu akashauri shubiri na pilipili. Wa nne, mzee mmoja mpenda mchuzi, akamwangalia Diwani, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Fundi, mchinje kabla hajafa." Kijana wangu akamkumbatia njiwa wake, akaingia ndani akajifungia.

Na mimi nilifanya nini? Niliongeza kijiko. Nikasema hii dawa sasa imezoeleka, wanataka nguvu zaidi. Siku mbili baadaye tukaokota makinda wawili wamekauka chini ya banda. Midomo yao ilikuwa na utando ule ule.

Mwanangu hakulia mbele yangu. Aliwazika chini ya mpapai, akanawa mikono, akaacha kunisemesha. Anajibu "ndiyo" na "hapana" tu, kama mtu aliye mahakamani. Jamani, mtoto wa miaka 12 akikunyamazia wewe mzazi wake, ni heri akutukane.

Siku ya tatu ya kimya kile, nikiwa napiga randa mlango wa mteja, nikamwona anatoka na boksi la viatu limetobolewa matundu. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema, "Nyegezi. Mwalimu ameniambia kuna daktari wa mifugo. Nauli ninayo." Nikaweka randa chini. Nilijisikia mdogo kama msumari wa inchi moja. Nikavaa shati, nikamfuata.

Kwenye daladala konda akauliza kama abiria wa kwenye boksi naye analipa. Watu wakacheka. Kijana akamjibu bila kutabasamu, "Atalipa akipona."

Daktari mwenyewe alikuwa binti mdogo tu kwa umri wangu, lakini kazi anaijua. Hakuanza na dawa, alianza na maswali. Njiwa wangapi, wanalala wapi, wanakula nini, wamekufa wangapi. Kisha akauliza, "Na dawa gani ameshapewa?"

Nikajikaza kisabuni, nikajibu, "Hajapewa kitu, daktari. Labda maji tu."

Kijana akaniangalia, akamgeukia daktari. "Amepewa unga wa kuku kwenye maji. Wiki tatu. Na juzi Baba aliongeza."

Nilitamani sakafu ipasuke. Daktari wala hakunifokea, na hilo ndilo lilinimaliza. Akachukua pamba kwenye kijiti, akapangusa ule utando, akaupaka kwenye kioo, akautia rangi, akainama kwenye hadubini. Baadaye akamwita kijana aangalie. Alimwonyesha vijidude vya mviringo, vingine vimechipuza kama mbegu inayoota. "Hawa ni fangasi," akasema. "Wanaitwa kandida."

Akatueleza kwamba mdomo wa njiwa ukiwa na weupe au unjano, watuhumiwa wakubwa ni watatu, na kwa macho matupu wanafanana. Kuna ndui, ambayo inaletwa na virusi na kuenezwa sana na mbu. Kuna ule ugonjwa wa donda la koo, unaoletwa na kijidudu chembamba kinachoogelea kwenye mate, na huyo ndiye anayetibiwa na dawa za jamii ya Flagyl. Halafu kuna fangasi. Dawa ya mmoja haimgusi mwenzake. Ukimpa Flagyl mwenye kandida unapoteza muda, na ukimpa nistatini mwenye donda la koo atakufa huku unamtibu. Ndiyo maana wenzetu wanapima kwanza.

Nikauliza fangasi hao wametoka wapi. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Alisema kandida hakutoka popote. Yumo tangu mwanzo kwa uchache kwenye utumbo wa ndege, kama alivyomo hata kwetu binadamu. Kinachomzuia asijitanue ni bakteria wazuri wanaoishi naye humo, wanagombania naye nafasi na chakula. Antibayotiki ikiingia inaua bakteria, wabaya na wazuri kwa pamoja, lakini fangasi haimdhuru. "Ni kama wewe fundi," akaniambia, "uwafukuze walinzi wote wa karakana usiku mmoja kwa sababu mmoja amesinzia. Asubuhi usishangae ukikuta mbao hazipo."

Kwa hiyo kila kijiko nilichokoroga kwa upendo nilikuwa nafukuza walinzi. Na niliposikia ugonjwa umeingia, nikaongeza kijiko, nikawafukuza hata waliokuwa wamejificha chooni.

Sasa tukaja kwenye dawa. Nilitegemea nitapewa kitu cha ajabu kutoka ng'ambo. Akaandika nistatini, ya maji, ile ile wanayopewa watoto wachanga wenye utando mweupe mdomoni. Inapatikana duka la dawa za binadamu. Haikufika hata bei ya kuku mmoja wa kienyeji.

Na hiyo dawa, msomaji, ina historia tamu. Iligunduliwa Marekani na wanawake wawili, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliokuwa wanafanya kazi kwenye maabara za afya za jimbo la New York. Mmoja alikaa jiji la New York, mwingine Albany, na walikuwa wanatumiana vichupa kwa posta. Kijidudu kinachotoa dawa hiyo kilitoka kwenye udongo wa shamba moja huko Virginia, na mwaka 1950 walitangaza matokeo yao. Wakaipa jina la jimbo lao, ndiyo maana kwenye chupa imeandikwa Nystatin. Haki zao za ugunduzi ziliingiza zaidi ya dola milioni 13, nao hawakula hata senti, zote wakazipeleka kwenye utafiti wa sayansi. Na mwaka 1966 mafuriko yalipoharibu michoro ya kale huko Florence, Italia, dawa hiyo hiyo ilitumika kuzuia ukungu usiile. Kumbe chupa ndogo ya duka la dawa imeshaokoa watoto, michoro ya kale na sasa imefika kwa Diwani wa Buhongwa!

Lakini kipimo hakikuwa cha jicho tena. Daktari alimweka Diwani kwenye mzani: gramu 310. Akakokotoa mbele yetu. Kwa kesi ile alitumia yuniti 300,000 kwa kila kilo ya ndege, mara mbili kwa siku. Dawa yetu ilikuwa na yuniti 100,000 katika kila mililita moja, kwa hiyo Diwani alistahili chini kidogo ya mililita moja asubuhi, na hivyo hivyo jioni, kwa siku 10. Kijana aliandika kwenye daftari la hesabu. Nami nakuomba msomaji usikate kipande hiki ukaenda nacho dukani. Hicho kilikuwa kipimo cha ndege yule, kwa uzito ule, baada ya kupimwa. Wako apimwe wake.

Akatufundisha na namna ya kuitoa. Nistatini haiingii kwenye damu. Inafanya kazi pale tu inapomgusa fangasi. Kwa hiyo anapewa kabla ya kula, gole likiwa tupu, ili dawa ipake mdomo na koo na gole lenyewe. Bomba la sindano liwe halina sindano. Unaingiza pembeni ya mdomo, unadondosha kidogo kidogo, unamwacha ameze. Usimshindilie, kwa sababu tundu la pumzi la njiwa liko pale pale nyuma ya ulimi, na ukikosea dawa itakwenda mapafuni. Na ule utando usiubandue kwa kucha. Utatoka damu na kumuumiza bure.

Zaidi ya dawa, akatoa amri. Ule unga wa kuku usimame leo. Vyombo vya maji vioshwe kila siku kwa maji ya moto na sabuni, vianikwe juani. Wapewe mchicha uliokatwa na karoti iliyokunwa, na mahindi yawe ya njano, maana mwili wa ndege unatengeneza vitamini A kutokana na vitu hivyo, na ndege aliyepungukiwa vitamini A ngozi laini ya mdomo wake inakuwa mlango wazi kwa fangasi. Na yule mzee mpenda mchuzi akajibiwa hapo hapo: ndege mgonjwa, tena aliye kwenye dawa, haliwi.

Tukarudi Buhongwa na chupa yetu. Mama watoto alipoiona akashika kiuno. "Yaani njiwa anatibiwa Nyegezi, mimi nikiumwa kichwa unaniambia ninywe maji nilale!" Lakini yeye ndiye aliyekuwa anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kumshikia kijana taa.

Tukakagua midomo yote. Wawili wengine walikuwa na alama ndogo, tukarudi kwa daktari wakapimwa nao wakapewa zao. Siku ya nne utando wa Diwani ukaanza kupungua. Siku ya sita akamdonoa mwanangu kidole, na hilo lilitufurahisha kuliko salamu. Siku ya kumi akapanda juu ya paa, akavimba shingo, akaanza kuhutubia.

Ningependa kuishia hapa, msomaji. Mambo hayakuishia hapa.

Wakati sote tumemkazia macho Diwani, Sista alikuwa anaisha kimya kimya. Mdomo wake ulikuwa safi kabisa. Alikuwa anakula. Lakini ukimshika, mfupa wa kifua ulikuwa umechongoka kama kisu. Kisha siku moja nikamwona amekaa mdomo wazi na mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, kama mtu anayepampu baiskeli. Sauti yake ya kunguruma ikawa imekwaruza.

Tukampeleka. Safari hii daktari hakutabasamu. Alisema anashuku fangasi wa aina nyingine, wa ukungu, anaitwa aspajilasi. Huyu hakai mdomoni. Mbegu zake ni vumbi lisiloonekana, zipo kila mahali, na ndege mwenye afya huzivuta kila siku asidhurike. Lakini ndege dhaifu akifungiwa ndani ya hewa nzito ya ukungu, mbegu zinaota kwenye mapafu na kwenye mifuko ya hewa iliyomo tumboni mwake. Mifuko hiyo ina damu kidogo, kwa hiyo kinga ya mwili na dawa vinafika kwa shida. Ndiyo maana wengi wanagundulika wakati wameshachelewa.

Nikauliza nistatini. Akatikisa kichwa, kwa sababu ile haitoki tumboni. Zipo dawa zinazoingia kwenye damu, mojawapo ni itrakonazoli, lakini hutolewa kwa wiki nyingi, pengine miezi, na zinaweza kuliumiza ini. Wafugaji wa kasuku wa kijivu wanaiogopa zaidi, maana kasuku huyo haivumilii. Tulikubaliana tujaribu, akatupa dozi ya kuanzia. Sista alikunywa siku tatu. Asubuhi ya siku ya nne kijana alimkuta amelala ubavu kwenye kona ya ile nyumba ya vanishi.

Daktari alisema kama tunataka kujua ukweli, ampasue. Nilidhani mwanangu atakataa. Akasema, "Nataka kuona." Ndani ya Sista, kwenye vile vifuko vyembamba kama karatasi ya nailoni, kulikuwa na mabaka ya manjano, na juu ya mabaka umeota ukungu wa kijani na bluu, sawasawa na ule unaouona kwenye mkate uliosahauliwa. Daktari akatuuliza wamelala juu ya nini. Nikamwambia maranda. Makavu? Nikakumbuka masika, nikakumbuka mikojo, nikakumbuka kadirisha kamoja. Na mahindi yao? Nikakumbuka gunia.

Njiani kurudi hatukuongea mpaka tumeshuka. Tulipofika mbele ya lile banda kijana akasimama, akaligusa mlango, akasema taratibu bila hasira, "Baba, Sista ameuawa na nyumba."

Nyumba niliyoijenga mimi. Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka ule.

Sikumjibu. Nilichukua nyundo na mkasi wa bati, nikatoa plaiwudi upande mzima wa mbele na nusu ya upande wa nyuma, nikaweka waya wa kuku, hewa ikawa inaingia huku na kutokea kule. Sakafu nikaitoa yote nikaweka waya, chini yake nikachongea sinia la kuvuta linalosafishwa kila siku. Kijana akanishikia misumari. Katikati ya kazi akaniambia, "Hapo weka kona, Baba, isije ikalegea." Hiyo ndiyo sentensi ndefu ya kwanza aliyoniambia kwa hiari baada ya mwezi mzima. Nikaweka kona nne.

Maranda yale tulinyunyizia maji kwanza, tukafunga kitambaa puani na mdomoni, ndipo tukayazoa. Daktari alitusisitizia sana hilo. Vumbi la ukungu na la kinyesi kikavu cha njiwa lina fangasi wanaoweza kumwingia hata binadamu, hasa mwenye kinga iliyopungua, mwenye pumu, au mzee. Kwenye nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo, kazi ya kusafisha banda afanye mtu mwingine, na banda lisipakane na dirisha la chumba chake.

Gunia la mahindi tulilizika. Mama watoto alisema tuwape kuku, nikamkatalia. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haina dawa ya kuiondoa mwilini, wala kupika hakuimalizi. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa karanga zenye ukungu, na ndipo dunia ikaijua sumu hiyo. Kwetu hapa, mwaka 2016, watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Sasa mahindi yangu yanakaa kwenye pipa la mfuniko, juu ya mbao, mbali na ukuta.

Usiku ule nilifungua kabati la chumbani. Nikakuta vidonge vya rangi mbili nusu pakiti, dawa ya maji ya kifua ya mwaka juzi, vidonge vingine havina hata jina. Vyote nimewahi kuwapa wanangu. Mtoto akikohoa, nusu kidonge. Akiharisha, kidonge cha rangi mbili siku mbili, akipata nafuu tunaacha, tunatunza kwa siku nyingine. Nikakumbuka huyu kijana wangu alipokuwa na miaka miwili aliwahi kupata utando mweupe mdomoni baada ya dawa za kikohozi, na mimi nikasema ni meno. Nilikaa kitandani na zile pakiti mapajani kwa muda mrefu. Njiwa walinifundisha kitu ambacho mwanangu mwenyewe alishawahi kunionyesha mdomoni mwake, nikashindwa kukiona.

Asubuhi nilizipeleka duka la dawa wakazichukue wao. Siku hizi mtoto akiumwa anapimwa. Kama hakuna hela ya kupima, nauza stuli.

Diwani bado yupo. Alikaa mjane miezi miwili, anazunguka paa peke yake, halafu akampata jike moja la madoa kutoka kwa jirani, bila mahari. Tukibanwa na ugonjwa tunapima. Tukipata njiwa aliyekufa ghafla tunamweka kwenye mfuko safi, tunampeleka haraka. Mwanza tuna maabara ya veterinari ya serikali, na mtaalamu wa mifugo yeyote anaweza kukuelekeza.

Majuzi mteja mmoja aliyekuja kuchukua meza akaliangalia lile banda, limejaa waya na viraka, vanishi imebanduka. Akaniuliza, "Fundi, hili nalo umetengeneza wewe?"

Kijana wangu, ambaye sasa ana sauti nzito kuliko yangu, akanijibia. "Tumetengeneza wote."